Kununua Nyumba Mji wa Kale

Mwanadamu hununua vitu vingi katika maisha yake, na vingi katika hivyo huvitumia akavisahau. Nguo huchakaa, chakula huliwa, na chombo cha safari huuzwa kikichoka. Nyumba si kitu cha namna hiyo. Nyumba iliyojengwa vyema humtangulia mtu kuja duniani, na humwona akiondoka. Kwa sababu hii lugha yetu ina maneno mawili mahali ambapo mtu mwenye haraka angetosheka na moja. Husema mtu ana nyumba, na husema mtu ana kwao. La kwanza hupatikana kwa fedha. La pili halipatikani kwa fedha peke yake.

Wewe, msomaji, ungali kijana, na yamkini fikira zako za leo ni vitabu, mitihani na ada ya shule. Habari ya kununua nyumba yaweza kuonekana kwako kama habari ya watu wazima wenye mvi. Walakini siku hupita upesi, na mtu hujikuta mbele ya dalali na wakili kabla hajafundishwa namna ya kusema nao. Nimenunua nyumba moja tu katika umri wangu, nayo ni nyumba ya kale katika mji wa kale. Sidai kuwa mjuzi wa biashara hiyo. Nataka kukueleza maswali manne niliyolazimika kuyauliza, na jinsi swali moja katika hayo lilivyokuwa zito kuliko mengine yote.

Kwa muda wa miaka 18 nilikuwa mpangaji Ganjoni, kusini ya kisiwa cha Mombasa. Ganjoni ni mtaa mzuri. Kuna nyumba za zamani zenye nyua na miembe, na siku hizi kuna majengo marefu ya vyumba vya kupanga. Upande mmoja husikika shughuli za Mbaraki na bandari ya Kilindini. Upande mwingine barabara huteremka mpaka kivuko cha Likoni na pwani ya mibuyu, ambako jioni watu hukaa wakitazama meli kubwa zikiingia. Sikuwa na uchungu na mtaa huo, wala mwenye nyumba wangu hakunidhulumu. Lakini mpangaji ni mgeni wa mwezi mmoja mmoja. Hupanda mti akijua kuwa kivuli chake ni cha mwingine.

Jina la mtaa wenyewe lilinitia katika fikira. Katika Kiswahili cha zamani, ganjo ni mahali palipokaliwa na watu, kisha wakahama pakabaki magofu. Nilikuwa nikilitamka neno hilo kila siku kama anwani tu, mpaka siku moja nilipolisikiliza. Mahali gani huwa mji, na mahali gani huwa ganjo? Je, ni mawe yanayoondoka, au ni watu? Swali hilo lilinifuata kila nilipotoka Ganjoni kwenda kwa miguu Mji wa Kale, mwendo wa nusu saa hivi, kununua samaki au kumzuru rafiki.

Mji wa Kale uko upande wa mashariki wa kisiwa, ukitazamana na Nyali, bahari ikipita katikati kama mto mpana. Ukiingia kwa upande wa Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, utaifuata njia ya Ndia Kuu, na kutoka hapo vichochoro vitakuchukua mpaka Kibokoni, Kuze na Bandari ya Kale, ambako majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalikuwa yakiletwa na kaskazi na kurudishwa na kusi. Mji wenyewe ni mkongwe sana. Ibn Battuta alifika Mombasa mwaka 1331 akaona watu wacha Mungu na misikiti ya mbao. Lakini Wareno waliuteketeza mwaka 1505, na baadaye tena, na vita vikaufuata kwa miaka mingi. Kwa hiyo nyumba nyingi zinazosimama leo zilijengwa katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Ndizo zile zenye milango ya nakshi, baraza za kukalia, na roshani za mbao zinazochungulia njia.

Katika njia moja ya mji huo nilionyeshwa nyumba ya ghorofa moja, yenye ua mdogo, kisima, na mlango wa mti mgumu ambao mafuta ya mikono ya watu yalikuwa yameung'arisha. Niliupenda mlango ule kabla ya kuona kitu kingine. Hapo nikaikumbuka methali isemayo kuwa nyumba njema si mlango. Fungua uingie ndani. Watu wengi huitumia methali hii kwa kusema habari za tabia. Mimi niliichukua kwa maana yake ya asili, nikaingia ndani kwa maswali.

Swali la kwanza ni hili: ardhi ni ya nani?

Katika nchi nyingi swali hili halina maana, kwa kuwa anayenunua nyumba hununua na kiwanja chake. Mombasa si hivyo daima. Katika pwani yetu desturi iliyotokana na sheria ya Kiislamu ilikubali kwamba ardhi yaweza kuwa ya mtu mmoja, na kilicho juu yake, mnazi, mwembe au nyumba, kikawa cha mtu mwingine. Kisha serikali ya kikoloni ikaleta Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908. Sheria hiyo ilimtaka kila mwenye kudai ardhi ya pwani apeleke madai yake na kuandikishwa. Waliojua kusoma, waliokuwa na mali na waliokuwa karibu na serikali waliandikishwa. Wengi wengine hawakujua, au hawakuwahi, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Tokea hapo Mombasa imekuwa na jambo liitwalo nyumba bila ardhi. Mtu hujenga au hununua nyumba, hukaa humo na wanawe na wajukuu, na kila mwezi humlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Nyumba yake ni yake, lakini udongo ulio chini ya kitanda chake si wake.

Dalali alinionyesha kwanza nyumba ya namna hiyo katika mtaa mwingine. Bei yake ilikuwa nafuu mno. Siwalaumu wanaonunua nyumba kama hizo. Kwa maelfu ya watu wa Mombasa huo ndio mlango pekee wa kupata paa, na nyingi zimelea watoto wema na wasomi wakubwa. Lakini anayenunua lazima ajue anachonunua. Akidhani amenunua ardhi kwa sababu amekabidhiwa funguo, siku mwenye ardhi atakapouza kiwanja chake ndipo atakapofahamu kuwa alinunua nusu ya kitu kwa imani ya kitu kizima.

Liko pia jambo la wakfu. Katika Mji wa Kale zimo mali zilizowekwa wakfu na watu wa zamani kwa ajili ya misikiti, maskini au vizazi vyao. Mali ya wakfu hutumiwa na kupangishwa, lakini haiuzwi kama bidhaa, kwa kuwa aliyeitoa aliitoa moja kwa moja. Kwa hiyo wakili wangu alikwenda kwanza katika ofisi ya usajili wa ardhi kupekua daftari, kisha akauliza kwa Tume ya Wakfu. Jibu lilikuwa jema. Nyumba ilikuwa na ardhi yake, hati yake ilikuwa safi, na jina lililoandikwa humo lilikuwa la baba wa wale waliotaka kuuza. Furaha yangu ilikuwa kubwa, lakini ilikuwa na upungufu mmoja: baba huyo alikuwa amekufa zamani.

Hapa likaja swali la pili, nalo ndilo zito: warithi ni nani?

Ndugu wawili wa kiume ndio waliomtuma dalali. Mmoja alikuwa Nairobi, na mwingine alikuwa Muscat, ambako watu wengi wa pwani yetu wana jamaa. Walisema kwa ufupi kuwa nyumba ni yao. Lakini marehemu alikuwa ameacha watoto watano, wa kiume wawili na wa kike watatu. Mkewe alikuwa amemtangulia kufa. Kwa sheria ya mirathi ya Kiislamu, mtoto wa kiume hupata mafungu mawili ya mtoto wa kike. Basi nyumba ile iligawanyika mafungu 7: kila mwana mafungu 2, na kila binti fungu 1. Tuseme, kwa kufanya hesabu iwe nyepesi, kwamba nyumba imeuzwa kwa shilingi 7,000,000. Kila ndugu wa kiume atapata shilingi 2,000,000, na kila dada atapata shilingi 1,000,000. Lakini hesabu haikukoma hapo. Dada mmoja alikuwa amefariki baada ya baba yake, akiwa mjane, akaacha watoto wanne, na fungu lake likawaangukia wao. Kwa hiyo watu walioimiliki nyumba hawakuwa wawili, bali walikuwa 8.

Mmoja katika hao 8 alikuwa akikaa ndani ya nyumba yenyewe. Alikuwa ndiye dada mkubwa, mwanamke wa umri wa zaidi ya miaka 80, ambaye baada ya kufiwa na mumewe alirudi katika nyumba ya baba yake na kukaa chumba cha chini kilichoelekea ua. Siku niliyokwenda kutazama nyumba, dalali alipita mbele ya chumba hicho bila kusimama, akanieleza kwa sauti ndogo kuwa bibi huyo ataondolewa, nisiwe na wasiwasi. Nilisimama nikampa bibi salamu zangu. Akaniuliza mimi ni mtoto wa nani, nami nikamweleza. Kisha akasema, "Mwanangu, wamekwambia nyumba yauzwa. Mimi siwazuii wenzangu na haki yao. Walakini nami haki yangu imo, na hapana aliyeniuliza."

Msomaji, maneno yale yalikuwa machache, lakini yalitosha kunisimamisha. Nilimwambia wakili kuwa sitatoa hata senti moja mpaka sahihi zote 8 zipatikane kwa radhi ya wenyewe. Ndugu wa Nairobi alikasirika. Alisema dada yao ni mtu mzima asiyefahamu biashara, na watoto wa marehemu wametawanyika. Alitaka tukubaliane kwa sahihi za wachache, na wengine watalipwa baadaye. Miezi ikapita. Kisha akanipelekea habari kuwa amepatikana mnunuzi mwingine, mwenye bei kubwa kuliko yangu na fedha taslimu mkononi, anayetaka kuifanya nyumba ghala ya bidhaa. Akanipa wiki mbili.

Nitakwambia kweli: wiki mbili zile zilikuwa ndefu. Mke wangu na mimi tulikuwa tumeweka akiba kwa haba na haba tangu tulipooana. Nilizihesabu tena fedha zetu usiku, kana kwamba zitaongezeka kwa kuhesabiwa. Kama ningekubali sahihi za wachache, huenda nyumba ingekuwa yangu wiki hiyo. Mke wangu ndiye aliyesema neno lililokata shauri. Alisema, "Tukimtoa yule mama kwa karatasi, sisi nasi tutatolewa kwa karatasi. Bora turudi Ganjoni tukapange mpaka tufe." Basi tukanyamaza, tukaacha wiki mbili zipite.

Yule mnunuzi mwingine hakununua. Wakili wake naye alitaka sahihi 8, na zaidi ya hayo aliambiwa kuwa nyumba ya Mji wa Kale haibomolewi wala kugeuzwa sura kwa matakwa ya mwenyewe tu. Kwa hiyo wale ndugu wakakubali kufanya jambo walilopaswa kulifanya tangu mwanzo. Shauri likapelekwa katika Mahakama ya Kadhi, ambayo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaitambua kwa mambo ya mirathi, ndoa na talaka ya Waislamu. Mafungu yakaandikwa, na kila mrithi akajua lake. Watoto wa dada marehemu wakapatikana, mmoja baada ya mmoja. Na yule bibi, alipoulizwa mwishoni, hakukataa kuuza. Alitaka jambo moja: akae katika chumba chake muda wote wa uhai wake. Tukaliandika sharti hilo katika mkataba, likatiwa sahihi, na bei ikapunguzwa kidogo kwa ajili yake kwa radhi ya warithi wote. Tangu siku ya kwanza mpaka siku ya hati, ilipita miezi 14.

Baada ya hapo mambo ya serikali yalikuwa mepesi. Ilitakiwa cheti cha kuonyesha kuwa kodi ya kiwanja ya kaunti imelipwa. Ulitakiwa ushuru wa stempu, ambao kwa nyumba za mjini ni asilimia 4 ya thamani. Yaani kwa kila shilingi 1,000,000 mnunuzi hutoa shilingi 40,000 juu ya bei. Weka jambo hili akilini, kwa kuwa watu wengi huhesabu bei wakasahau ushuru na ujira wa wakili, kisha hukopa kwa aibu siku ya mwisho.

Swali la tatu ni hili: mawe yanataka nini?

Nyumba ya kale si kama nyumba ya leo. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe, yaliyoshikwa kwa chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo kwa kuni. Dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Mti wa boriti una urefu wake, na kwa hiyo chumba cha kale kina upana wa mita 3 au chini yake, hata kikiwa kirefu namna gani. Upana wa chumba haukuchaguliwa na mwenye nyumba. Ulichaguliwa na mti wa mkoko. Nilipofahamu hivyo niliacha kuviona vyumba vyangu kuwa vyembamba, nikaviona kuwa na adabu.

Ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua. Maji huingia wakati wa masika, na hutoka wakati wa jua. Mtu asiyejua huja na saruji, akaupaka ukuta wote ili uwe mgumu na laini. Kwa mwaka mmoja huonekana mzuri. Kisha unyevu uliofungiwa ndani hutafuta njia, chumvi husukuma, plasta huvimba na kumenyuka, na jiwe lenyewe huanza kuwa unga. Hivyo ugumu wa nje huleta udhaifu wa ndani, jambo ambalo huonekana kwa watu pia. Adui wa pili ni mchwa kwenye boriti, na wa tatu ni paa linalovuja. Hapa methali isemayo kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta si mfano wala fumbo. Ni hesabu ya fundi.

Sheria nayo ina neno. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990 Mji wa Kale umewekwa katika hifadhi, na mwenye nyumba anayetaka kuibomoa, kuongeza ghorofa au kubadili uso wake hutakiwa apate idhini ya kaunti na ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ambayo ina ofisi ya kuhifadhi mji huo. Wako wanaonung'unika kuwa hii ni kunyimwa uhuru juu ya mali yao. Manung'uniko hayo yana sababu, kwa kuwa fundi wa chokaa ni adimu, mbao nzuri ni ghali, na mwenye nyumba maskini huambiwa atunze sura ambayo dunia yote huifurahia bila kumsaidia gharama. Naona ni haki kwamba anayetaka mji upendeze asaidie kuutengeneza. Lakini naona pia kuwa mtu asiyeweza kuvumilia masharti ya nyumba ya kale hana haja ya kuinunua. Viwanja vitupu vipo kwingine.

Kilichonisaidia kuliko kitabu chochote katika mambo haya ni yule bibi. Tulikaa naye miaka mitatu. Alijua ni wapi maji ya mvua hupita chini ya ua, na ni boriti gani ilibadilishwa alipokuwa msichana. Alinikataza kupaka chokaa mara tu baada ya masika; alisema ukuta unaolia haupakwi poda, sharti uachwe unyamaze. Alijua kisima hugeuka chumvi miezi gani. Kila asubuhi binti yangu alikaa kwenye kizingiti cha chumba chake akamsikiliza. Alipofariki, mtaa mzima ulikuja, na nilifahamu siku hiyo kuwa kama angalitolewa kwa karatasi, ningalinunua kitabu kilichong'olewa kurasa zake zote.

Swali la nne ni hili: jirani ni nani?

Wazee husema utafute jirani kabla ya nyumba. Katika mtaa wa nyumba zilizotengana kwa kuta na malango, mtu aweza kuidharau nasaha hii. Katika Mji wa Kale hawezi. Ukuta wangu mmoja ni ukuta wa jirani pia. Tukiupiga msumari, sote tunausikia. Kichochoro ni chembamba hata roshani mbili zinakaribia kushikana mikono. Harufu ya mahamri ya nyumba ya pili huniamsha kabla ya adhana kwisha. Baraza iliyo mbele ya mlango wangu ni yangu kwa hati, lakini ni ya watu wote kwa desturi: mzee aliyechoka hukaa hapo, muuza kahawa hutua hapo, na watoto hufanya hapo kazi zao za shule umeme unapokatika. Mtu akinunua nyumba hapo akaweka vyuma juu ya baraza ili watu wasikae, aweza kudhani kuwa havunji sheria yoyote. Lakini amejitangaza kuwa yeye ana nyumba, na hana kwao.

Sasa nakurudisha katika neno nililolitaja mwanzoni, ganjo.

Ukienda Gedi, karibu na Malindi, utaona mji mzima wa mawe ndani ya msitu. Kuna msikiti mkubwa, jumba la mtawala, visima, makaburi na nyumba za matajiri waliotumia vyombo vya kauri kutoka Uchina. Katika karne ya 17 watu waliondoka, na miti ikaingia. Mwaka 2024 Gedi iliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, na inastahili heshima hiyo. Lakini hapana mtoto anayezaliwa Gedi. Kuta zimesalimika, na mji umekufa.

Huo ni ganjo wa wazi, ambao kila mtu hutambua. Uko ganjo mwingine uliojificha. Venice, mji wa kale wa Italia uliojengwa juu ya maji, una majumba yanayotengenezwa kwa uangalifu mkubwa, na wageni hujaa humo mamilioni kila mwaka. Mwaka 1951 wakazi wa mji huo wa kale walikuwa kiasi cha 175,000. Mwaka 2022 walikuwa chini ya 50,000. Nyumba zimegeuka malazi ya wapita njia. Karibu nasi, Lamu, mji ulioandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, una nyumba nzuri zilizonunuliwa na watu wa mbali. Wengine katika hao wamezitengeneza vizuri kuliko zilivyopata kuwa, na mafundi wa Lamu wamepata kazi kwa ajili yao. Sharti tuwape haki yao. Lakini nyumba inayofunguliwa wiki chache kwa mwaka haimkopeshi jirani chumvi. Mawe yake yamepona, na baraza yake imekuwa bubu.

Basi nikapata jibu la swali langu la Ganjoni. Mji haugeuki ganjo siku kuta zinapoanguka. Hugeuka siku watu wa ndani wanapotoka, ama kwa kufukuzwa na vita, ama kwa kununuliwa, ama kwa kutotakwa. Kila mauzo ya nyumba ya kale ni njia panda ndogo: upande mmoja mji huongeza mwenyeji, na upande mwingine hupoteza mmoja. Mnunuzi ndiye anayeshika ufunguo wa njia hiyo, ingawa yeye hudhani ameshika ufunguo wa mlango tu.

Kwa hiyo, msomaji, utakapokuwa mtu mzima na kujaliwa fedha za halali, usiogope nyumba ya kale. Ina gharama, lakini ina fadhili. Uliza kwanza ardhi ni ya nani, ili usinunue nusu ya kitu. Uliza warithi ni nani, na uwaulize wenyewe, hasa yule ambaye dalali anapita mlangoni pake bila kusimama. Uliza mawe yanataka nini, usiyalazimishe kutaka unachotaka wewe. Uliza jirani ni nani, kisha ujiulize kama wewe nawe utakuwa jirani. Ukipata jibu jema kwa maswali haya manne, toa fedha yako, upokee hati yako. Hati itasema kuwa nyumba ni mali yako. Itunze kama amana, kwa sababu wako watu ambao hawajazaliwa watakaokuja kuiuliza.